Akaunti Yako Iko Wazi Kwenye Simu Ngapi?

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, steshenari za Bukoba mjini na Muleba, mkoani Kagera, huingia kwenye msimu wao. Wahitimu hujipanga mbele ya kompyuta moja au mbili wakiomba vyuo na mkopo wa HESLB, na nyuma yao husimama waliomaliza miaka iliyopita, wanaohangaika na Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mhudumu ndiye anayebonyeza. Mteja akiwa hana barua pepe, anafunguliwa papo hapo. Nywila anaitunga mhudumu, na mara nyingi ni kama ile aliyompa mteja wa kabla yake: jina la kwanza likifuatwa na mwaka wa kuzaliwa, au 12345. Pale mfumo unapodai namba ya simu ya kurejeshea akaunti, anaweka yake, kwa sababu simu ya mteja imeisha chaji. Kazi imekwisha, mwingine asogee.

Shida hujitokeza baadaye. Sekretarieti ya Ajira inapotangaza majina ya walioitwa kwenye usaili, huwataka waingie kwenye akaunti zao wanakili namba ya mtihani, kwa kuwa namba hizo hazitolewi siku ya usaili. Kijana wa Kaagya, huko Bukoba Vijijini, analikumbuka jina la steshenari ila nywila haikumbuki. Akibonyeza mahali pa kuomba nywila mpya, ujumbe unakwenda kwenye barua pepe ambayo nayo hajui inavyofunguliwa. Akijaribu kuifungua hiyo barua pepe, msimbo unatumwa kwenye simu ya mhudumu, ambaye huenda alishahamia Mwanza. Jina kwenye akaunti ni la kijana huyu, lakini anayeimiliki hasa ni yule anayepokea msimbo.

Hapo ndipo maelezo mengi ya usalama wa mtandaoni yanapoacha pengo. Watu huhimizwa watunge nywila ngumu, na somo linaishia hapo. Nywila ni mlango wa mbele. Akaunti ina milango mingine ya uani: namba ya simu ya kurejeshea, barua pepe ya akiba, na kila kifaa ambacho mwenye akaunti aliwahi kuingia asitoke.

Akaunti yenyewe haikai kwenye simu. Barua pepe za Gmail na kurasa za Facebook zimehifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni husika, mbali kabisa na Kagera. Mtu anapoingia kwa mara ya kwanza, kompyuta hizo hukagua nywila, kisha hukipa kifaa chake hati ndogo ya kielektroniki inayothibitisha kwamba huyu ameshatambuliwa. Kuanzia siku hiyo simu huonyesha hati tu, haiulizwi nywila tena. Ndiyo maana mtu hukaa mwaka mzima akisoma barua pepe bila kuandika nywila hata mara moja, na ndiyo maana anaisahau. Hati hiyo hubaki hai mpaka mwenyewe atoke, au aifute kupitia kifaa kingine, au kampuni ishuku jambo. Anayeuza simu bila kutoka kwenye akaunti zake ameiuza pamoja na hati.

Habari njema ni kwamba hati zote zinaweza kuonekana mahali pamoja. Kwenye simu ya Android mtu hufungua Mipangilio, akaingia kwenye Google, akachagua kudhibiti akaunti yake, kisha sehemu ya usalama, akatafuta orodha ya vifaa. Orodha hiyo huwashangaza wengi. Ipo simu iliyopasuka kioo akapewa mdogo wake, ipo kompyuta ya steshenari, ipo simu ya rafiki iliyoazimwa siku moja tu. Kila kifaa kinaweza kutolewa kwa kukibonyeza. Kubadilisha nywila ya Google nako hukitoa karibu kila kifaa, isipokuwa vichache ambavyo mwenye akaunti huvitumia kuthibitisha kwamba ni yeye. Facebook na Instagram zina orodha za namna hiyo hiyo. Anayeipitia mara moja kila baada ya miezi michache amefanya zaidi ya anayebadilisha nywila kila Jumatatu.

Desemba ndiyo mwezi wa kuangaliwa zaidi, ingawa hakuna anayeuhesabu hivyo. Wahaya waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Kampala hurudi nyumbani kwa Krismasi na Mwaka Mpya, na miongoni mwa zawadi zinazoteremshwa kwenye mabasi kule Kamachumu, Nshamba na Rubya ni simu janja za wazazi. Simu mpya ya Android hudai akaunti ya Google kabla Play Store haijakubali kupakua WhatsApp. Mama hana akaunti. Binti, ambaye likizo yake inaishia kesho kutwa, anaona kufungua mpya ni kupoteza muda, anaingiza ya kwake. "Haya Mama, iko tayari. Nikifika Dar nitakupigia kwa video."

Hakuna ubaya aliokusudia, lakini kuanzia dakika hiyo simu mbili zimekuwa nyumba isiyo na ukuta wa kati. Majina anayoyahifadhi mama yanajitokeza kwenye simu ya binti, na ya binti, pamoja na bosi wake na mafundi wake wa Sinza, yanajaa kwenye simu ya mama. Kama kuhifadhi picha kumewashwa, picha nazo zinachanganyika. Hayo bado ni ya kuchekesha. Lisilochekesha ni hili: binti aliyezoea kubonyeza "hifadhi" kila Chrome inapomuuliza kuhusu nywila, amezihifadhi ndani ya akaunti yake ya Google, na zote zinaweza kumfuata hadi Rubya. Mama hatazigusa. Simu ya mama, hata hivyo, hupita mikononi mwa watu wengi: wajukuu wanaocheza gemu, kijana wa dukani inakoachwa ichajiwe umeme ukikatika, fundi anayebadilisha kioo. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayecheza kwenye simu ya bibi yake anaweza kuzifungua barua pepe za kazini za shangazi yake, na simu isiyo na kufuli la skrini haitamuuliza chochote.

Tatizo la pili hujificha mpaka simu iharibike. Tangu mwaka 2015, toleo la Android 5.1 lilipotoka, Google imeweka kinga dhidi ya wizi: simu ikifutwa yote na kurudishwa kama ilivyotoka kiwandani kwa njia ya vitufe, hudai akaunti iliyokuwemo kabla haijakubali kutumika. Ni kinga nzuri sana dhidi ya mwizi. Kwa mama ambaye simu yake ilikwama, fundi akaifuta, kinga hiyo inadai nywila ya binti aliye Dar, ambaye tangu Desemba ameshaibadilisha mara mbili na hata hakumbuki kwamba aliwahi kuiweka kule. Baadhi ya mafundi hujua kuipita kinga hiyo, na huduma hiyo hulipiwa. Mnunuzi wa simu ya mitumba pale soko kuu la Bukoba ana sababu ya kumwambia muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya macho yake, kisha aifute simu, kabla fedha haijabadilisha mikono. Muuzaji asiyekumbuka nywila ya simu anayodai ni yake ameshajieleza.

Dawa ya Desemba haichukui nusu saa. Mama afunguliwe akaunti yake mwenyewe, kwa jina lake, laini yake iwe ndiyo namba ya kurejeshea, na barua pepe ya binti iwekwe kama akiba. Binti atabaki msaidizi anayeweza kuokoa, bila mambo yake kulala kwenye simu ya kijijini. Nywila iandikwe kwenye daftari, daftari liwekwe kabatini pamoja na vyeti. Wapo wataalamu watakaokunja uso wakisikia neno daftari, lakini hofu hiyo ni ya ofisini, ambako karatasi hubandikwa pembeni ya kompyuta kila mpita njia akaisoma. Daftari lililofungiwa kabatini Nshamba haliwezi kufikiwa na tapeli aliye upande wa pili wa dunia. Kisichoandikwa kokote ni namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money, kwa sababu fedha hizo mwizi wake anaweza kuwa amelala chumba cha pili.

Yote haya, barua pepe, WhatsApp, benki ya simuni, yakifuatiliwa hadi mwisho yanaishia kwenye kipande kidogo cha plastiki: laini. Gmail hutuma msimbo kwenye laini. WhatsApp haina nywila kabisa kwa kawaida yake. Inamtambua mtu kwa namba ya simu tu. Benki nazo huisajili huduma ya simu kwa namba. Kwa hiyo swali la nani anamiliki laini ni zito kuliko watu wanavyolichukulia.

Tarehe 1 Mei 2019 Tanzania ilianza usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha NIDA, na baada ya tarehe ya mwisho kusogezwa hadi 20 Januari 2020, laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Wakati huo watu wengi, hasa wazee wa vijijini, walikuwa hawajapata namba ya NIDA. Wakakimbilia njia ya mkato: laini ya babu ikasajiliwa kwa kidole cha mjukuu, ya shangazi kwa kidole cha jirani, na nyingine kwa kidole cha wakala mwenyewe. Simu iliendelea kulia, na jambo likasahaulika. Leo babu akipoteza simu, laini yake haiwezi kurudishwa bila yule mwenye kidole, ambaye huenda ni mjukuu aliyeoa Geita au jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba la migomba. Kubonyeza *106# humwezesha mtu kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Atakayekuta namba asiyoijua aende dukani kwa kampuni ya simu ikafutwe, na atakayekuta namba anayoitumia kila siku haimo, ajue kwamba ameazimwa.

Kagera ina jambo jingine ambalo mikoa ya ndani haina. Wafanyabiashara wanaovuka Mutukula hutembea na laini ya Uganda, na wengine waliifungulia WhatsApp yao namba inayoanza na +256 kwa kuwa ndiyo wateja wao wa huko waliyoizoea. Biashara ikipoa, laini hiyo huachwa bila vocha. Kampuni za simu, popote duniani, huzifunga namba zisizotumika na baadaye kumuuzia mtu mwingine. Mmiliki mpya akifungua WhatsApp, anapokea msimbo kihalali kabisa na kuichukua akaunti. WhatsApp ina sehemu ya kubadilisha namba ndani ya mipangilio ya akaunti. Inahamisha wasifu na makundi kwenda namba mpya. Wa kuitumia ni yule ambaye laini ya zamani bado inapatikana. Akisubiri ifungwe, amechelewa.

Laini ina kinga yake ya asili ambayo Watanzania wachache huitumia. Simu iliyoibwa inaweza kuwa na kufuli la skrini lisilovunjika, lakini mwizi hahitaji kulivunja. Anachomoa laini, anaiweka kwenye kitochi, anaomba msimbo wa WhatsApp au wa Gmail, na ujumbe unamfikia. Kinachomzuia ni namba ya siri ya laini yenyewe, inayowashwa kwenye sehemu ya usalama ya simu. Ikiwashwa, laini ikihamishiwa simu nyingine au simu ikizimwa na kuwashwa, namba hiyo hudaiwa kwanza. Anayeiwasha aanze na namba iliyokuja na laini, iliyochapwa kwenye kadi yake, kisha aibadilishe. Asibahatishe: ukikosea mara tatu laini inadai PUK yenye tarakimu nane, na PUK ikikosewa mara kumi laini imekufa. Ni usumbufu mdogo kwa kinga inayoziba tundu kubwa kuliko yote.

Matapeli hawalazimiki kuiba simu, kwa kweli. Wengi huomba tu. Ujumbe huja kutoka kwa mtu anayefahamika, labda mwanakwaya wa parokia moja: "Samahani dada, nimekosea nimetuma namba sita kwako, naomba unisomee." Namba hizo sita ndizo msimbo wa kusajili WhatsApp ya dada kwenye simu nyingine, na mwanakwaya mwenyewe alishaporwa akaunti yake saa moja iliyopita. Dada akizisoma, simu yake inatolewa, na tapeli anaingia kwenye kundi la ukoo kuomba mchango wa mgonjwa aliye hospitali ya Bugando. Watu hutoa, kwa sababu picha ni ya dada na namba ni ya dada.

Kinachokata mchezo huo ni uthibitishaji wa hatua mbili, unaopatikana ndani ya mipangilio ya akaunti ya WhatsApp. Mwenye akaunti hujiwekea namba ya siri ya tarakimu sita, tofauti na msimbo wa SMS, na kuongeza barua pepe ya kuirejeshea. Tapeli aliyepata msimbo hukwama hapo, kwani bila namba hiyo hulazimika kusubiri siku saba, muda ambao mwenye laini ameshaisajili upya na kumtupa nje. Kasoro ni kwamba aliyeingia kwenye akaunti isiyo na namba hiyo huweka yake kwanza, na hapo subira ya siku saba inamwangukia mwenye mali. Hata hivyo, kuisajili upya namba kwenye simu yake humtoa tapeli mara moja. Siku saba ni za yeye mwenyewe kurudi ndani.

Ipo njia ya kimya zaidi. WhatsApp huruhusu vifaa vinne kuunganishwa na simu kuu, iwe kompyuta, tableti au simu nyingine, na vifaa hivyo husoma ujumbe hata simu kuu ikiwa imezimwa, mpaka ipite zaidi ya siku 14 bila kutumika. Mtu aliyeishika simu yako kwa sekunde thelathini, akachanganua ile picha ya miraba kwenye kompyuta yake, anaweza kusoma mazungumzo kwa miezi bila simu yako kutolewa. Kwa uzoefu wa nyumbani na maofisini, anayefanya hivyo mara nyingi ni mwenza au mfanyakazi mwenza. Mdukuzi wa kwenye sinema ni nadra. Orodha ya vifaa vilivyounganishwa iko kwenye nukta tatu za juu ya WhatsApp. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini kuwa kosa, na haikuwatenga waume, wake wala wachumba.

Tapeli mwingine hujifanya mtoa huduma na kumtaka mteja abonyeze **21* na namba fulani, "ili mtandao wako uwe na kasi." Huo ndio utaratibu wa kuelekeza simu zote zinazoingia kwenda namba nyingine, na WhatsApp, kama Google, inaweza kusoma msimbo kwa kupiga simu. Kubonyeza ##002# hufuta maelekezo yote ya namna hiyo. Makampuni ya simu nchini yana namba moja ya kuwasiliana na mteja, 100. Anayepiga kwa namba ya kawaida akidai anatoka kwenye kampuni anajitambulisha kwa kitu alichokosa. Namba ya tapeli hutumwa bure kwenda 15040.

Kuhusu nywila zenyewe, la kusema ni fupi. Ubaya mkubwa si wepesi wake, ni kutumika mahali pengi. Juni 2016 wadukuzi waliingia kwenye akaunti za Twitter na Pinterest za Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook. Habari zilizoenea wakati huo zilieleza kwamba nywila yake, "dadada", ilikuwemo kwenye zile zilizoibwa LinkedIn mwaka 2012, naye akawa ameendelea kuitumia kwingine. Wezi hawabahatishi nywila moja moja. Huchukua orodha zilizovuja na kuzijaribu kila mahali kwa mashine. Nywila ya barua pepe, basi, isifanane na nyingine yoyote, na iwe ndefu: maneno manne yasiyohusiana, yawe ya Kihaya au ya Kiswahili, yanaishinda mashine kuliko herufi nane zilizochanganywa na alama ambazo mwenyewe hazikumbuki.

Na msimbo wa SMS, je? Ni bora kuliko kutokuwa na chochote, lakini una mipaka. Tarehe 30 Agosti 2019 akaunti ya Jack Dorsey, aliyekuwa bosi wa Twitter yenyewe, ilitumika kurusha matusi baada ya wahuni kuiteka namba yake ya simu kupitia kampuni ya simu. Njia imara zaidi ni programu inayotengeneza msimbo ndani ya simu kila baada ya sekunde 30, kama Google Authenticator, isiyotegemea laini wala mtandao. Imara kuliko hiyo ni ufunguo wa siri, teknolojia ambayo Apple, Google na Microsoft zilianza kuisukuma kwa pamoja mwaka 2022: simu hujithibitisha yenyewe kwa alama ya kidole au sura, na hakuna tarakimu za kumsomea tapeli. Ufunguo huo haukubali kutumika kwenye tovuti ya bandia, hata ikifanana vipi na ya kweli.

Kufanana huko Bukoba inakufahamu bila kompyuta. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, michango ya waathirika ilielekezwa kwenye akaunti rasmi ya benki iliyoitwa Kamati Maafa Kagera. Kabla mwezi haujaisha, Ikulu ilitangaza kwamba Rais John Magufuli ametengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na hilo. Tovuti za bandia za benki na za mikopo huongeza herufi moja kwenye anwani, zikanakili nembo, zikatumwa kwenye kundi la WhatsApp na mtu mwema asiyejua. Anwani huandikwa kwa mkono. Haibonyezwi kutoka kwenye kiungo.

Ziwa nalo lina hesabu zake. Mvuvi wa Bumbire, Goziba au Ikuza anayedondosha simu majini usiku wa dagaa amepoteza simu na laini kwa pamoja, na duka la kampuni ya simu liko ng'ambo. Hatua ya kwanza ni kuazima simu ya mtandao ule ule na kupiga 100 ili laini izuiwe, maana simu inayodhaniwa imezama wakati mwingine imeokotwa kwenye mtumbwi. Kuifuata laini mpya, kwa namba ya NIDA na kidole, kunaweza kusubiri boti ya kesho. Majina ya wanunuzi hayajapotea kama yalihifadhiwa kwenye akaunti ya Google. Yaliyohifadhiwa kwenye laini yamezama nayo. Akihitaji kuingia kwenye akaunti kwa simu ya mwenzake, atumie kichupo fiche cha Chrome na akimaliza akifunge, ili asiache hati. Kama msimbo wa hatua ya pili unakwenda kwenye ile laini iliyozama, kinachomwokoa ni misimbo ya akiba: Google humpa mtu misimbo kumi ya tarakimu nane, kila mmoja wa kutumika mara moja. Inakiliwe kwa mkono kwenye lile daftari, wala isipigwe picha ikabaki kwenye simu ile ile inayolindwa.

Akaunti za vikundi zina ugonjwa wao. Chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, parokia au timu ya kijiji huwa na barua pepe moja na ukurasa mmoja wa Facebook, nywila wanaijua watu sita, na wawili kati yao walishaondoka kwenye uongozi kwa ugomvi. Hata taasisi kubwa huvamiwa: tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi Tanzania kwenye X iliingiliwa na kutumika kurusha maudhui ya ngono na uzushi kuhusu kifo cha Rais Samia Suluhu Hassan, na Jeshi likalazimika kukanusha. Ukurasa wa Facebook hauhitaji nywila ya pamoja. Kila kiongozi hupewa mamlaka kupitia akaunti yake binafsi, na akimaliza muda huondolewa kwa kubonyeza. Mhasibu anapokabidhi vitabu, orodha ya wenye mamlaka mtandaoni ingepaswa kukabidhiwa siku hiyo hiyo, lakini kwenye ajenda za makabidhiano haimo.

Linabaki suala ambalo familia hulikwepa: akaunti baada ya kifo. Google ilianza Desemba 2023 kufuta akaunti binafsi zilizokaa miaka miwili bila kutumika, na picha zake zikaenda nazo. Kwenye akaunti hiyo hiyo kuna sehemu ya kupanga nani apewe nini mwenyewe akinyamaza kwa miezi mitatu, sita, 12 au 18. Anaweza kutaja hadi watu kumi. Facebook nayo humruhusu mtu kuteua wa kuuangalia ukurasa wake baada ya kifo. WhatsApp haina mrithi: akaunti isiyotumika kwa siku 120 hufutwa. Fedha zilizomo kwenye M-Pesa ya marehemu hudaiwa dukani kwa kampuni, na anayezidai kihalali ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, hata kama mtoto wa mwisho anaijua namba ya siri.